Kikombe cha Dirishani na Majembe ya Murusagamba

Walisema sitamaliza kidato cha nne. Nikamaliza. Walisema chuo si cha watu wa Murusagamba, wanaofika barabara kuu wakiwa na matope hadi magotini. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi. Imo ndani ya fremu ya kioo sebuleni kwa shangazi yangu, juu kidogo ya kalenda ya parokia, na mgeni akikaribishwa kwenye kiti cha mbao hana pengine pa kutazama. Kiti hicho nilikipanga mwenyewe.

Wenzangu wa Dar es Salaam walisema kwa vile nimeonja unga, nitarudi Ngara ndani ya sanduku. Nikarudi nimeketi siti ya mbele, nimevaa koti. Jambo la mwisho walilosema ni kwamba kikombe cha dawa sitakiacha mpaka nizikwe nacho. Hilo lilikaribia kunishinda, na ndilo ninaloandika hapa. Yale niliyoyashinda kwa urahisi nimeshayasimulia mno, na watu wakiniona nafungua mdomo wanakumbuka kwamba wana mbuzi wa kuhamisha.

Nianze na kikombe chenyewe. Mtu aliyenaswa na heroini, ambayo maskani tuliita unga, akiacha ghafla hupatwa na arosto: mwili mzima unadai. Mifupa inauma, pua inachuruzika, tumbo linafunguka, na akili inawaza kitu kimoja tu. Kliniki hutupa methadoni, dawa ya kunywa mara moja kwa siku, ambayo inautuliza mwili bila kukulewesha, ili uweze kuishi kama watu wengine. Unafika dirishani kila siku, sista anakupimia, unakunywa mbele yake, kisha unasema neno ili ajue umemeza na hukuificha shavuni.

Wenzangu walisema, "Asante, sista."

Mimi, tangu nilipopata cheti changu, nilisema, "Mimi ni mwenye stashahada ya ununuzi na ugavi."

"Tumesikia jana," alisema sista.

"Na juzi," alisema aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni. "Sogea basi, mheshimiwa, na sisi tuna miili."

Ukweli ni kwamba stashahada hiyo niliipata nikiwa nakunywa dawa. Asubuhi dirishani huko Dar es Salaam, mchana darasani. Kikombe kilinirudishia kichwa changu, na kwa hilo sina malalamiko. Malalamiko yangu yalikuwa mengine. Nilitoka jasho ofisini wakati wenzangu wamevaa masweta. Choo kilikuwa kigumu kiasi kwamba nilikuwa naingia na gazeti na kutoka nikiwa nimelimaliza, pamoja na matangazo ya vifo. Zaidi ya yote, dirisha halisafiri. Jumapili lipo, sikukuu lipo, mvua ikinyesha lipo, lakini lipo palepale.

Shangazi yangu ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki. Yeye yuko Murusagamba, karibu na mpaka wa Burundi, na mgongo wake ulikuwa umeanza kumgomea. Alinipigia simu. "Baba," alisema, maana ndivyo anavyoniita, kwa kuwa nimebeba sura ya kaka yake, "migomba imemezwa na majani. Ni nani atakayelima? Ile karatasi yako ukutani?"

Ngara nzima hapakuwa na dirisha. Nikahamia kliniki ya Mwanza, na maneno yangu ya dirishani nikahama nayo, nikapata kazi katika duka la vifaa vya ujenzi, angalau niwe karibu. Na kwa kuwa nilikuwa nimetulia, baada ya muda kliniki ikaanza kunipa chupa ndogo za siku chache niondoke nazo. Hivyo ndivyo nilivyoanza kwenda nyumbani, na hivyo ndivyo nilivyoanza kuharibu mambo.

Kwetu mgeni hupokewa kwa pombe ya ndizi, na mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wote. Asiyeonja anatiliwa shaka. Mgeni akikataa baada ya mwenyeji kuonja, hapo anakuwa amesema jambo zito bila kufungua mdomo: kwamba anaogopa kuwekewa sumu. Nilikulia hapo. Nililijua hilo kabla sijajua kuhesabu. Lakini miaka ya mjini ilinifanya nidhani kwamba watu wanaangalia koti tu.

Mzee jirani yetu, ambaye pombe yake husifiwa hadi kijiji cha Murukulazo, alinialika siku nilipofika. Akaweka mrija chunguni, akavuta, akameza, akanipa.

"Asante, mzee. Situmii."

Pombe na methadoni havikai tumbo moja. Vikikutana vinaweza kumlaza mtu asiamke. Lakini hilo sikulisema, kwa sababu ningelazimika kulisema na lile lililo nyuma yake. Mzee akanitazama, akavuta tena, safari hii kwa kirefu.

"Umeona? Imeshuka."

"Nimeona, mzee."

Akavuta mara ya tatu huku akijinyooshea kidole kooni ili nifuatilie safari ya pombe. Nilipoaga alikuwa ameonja kwa niaba yangu mpaka akaanza kuimba.

Kesho yake asubuhi shangazi alinikuta nyuma ya migomba nikinywa kutoka kwenye chupa ndogo. Hakuniuliza mimi; aliwauliza majirani. Kufika Jumapili, kijiji chote kilikuwa kimeshaunganisha mambo hayo mawili: huyu msomi hanywi cha mtu, na kila asubuhi anakunywa dawa ya kuzuia sumu. Kanisani watu walinipisha, nikapata benchi karibu zima peke yangu. Nilimwandikia rafiki yangu wa chuoni kwamba nyumbani elimu bado inaheshimiwa.

Niliporudi Mwanza nilikuwa nimeamua. Nitaacha kikombe, nitarudi nyumbani moja kwa moja, nitalima.

"Sista, nipunguzieni haraka. Nataka niwe nimemaliza kabla ya mvua za kwanza."

"Umekunywa miaka mingapi?"

"Minne."

"Na unataka kutoka kwa miezi michache. Hii inashushwa kidogo kidogo, unasubiri mwili uzoee, ndipo unashusha tena. Ukikimbia, itakukimbiza. Na ukirudia unga baada ya mwili kusahau, kile kipimo chako cha zamani kitakuua."

"Sista, kupunguza akiba ghalani ndiyo fani yangu."

"Mwili wako ni ghala?"

"Kimsingi, ndiyo."

Daktari alikubali kuanza kunishusha taratibu. Kila aliponiuliza hali, nilisema nzuri sana, huku nikikaza meno yasigongane. Kiwango kikiwa bado kikubwa, nilichukua chupa zangu za siku chache, nikapanda basi la Ngara, na sikurudi. Mpango wangu ulikuwa kuzigawa zile chupa kwa kijiko, kila siku pungufu ya jana. Nilichora hata jedwali. Jedwali lilikuwa zuri. Mwili haukulisoma.

Arosto ya methadoni haina haraka. Siku za kwanza niliwatembelea watu, nikawaeleza jinsi kilimo cha kisasa kinavyopangwa, nikapima shamba la shangazi kwa hatua na kuchomeka vijiti vya mistari. Kisha nikaanza kupiga miayo. Nilipiga miayo mbele ya katekista mpaka akakatisha maneno yake, akaniuliza kama nimelala. Vinyweleo vikasimama kama vya kuku aliyenyonyolewa. Miguu ikapiga mateke kitandani bila kuniomba ruhusa. Na lile tumbo nililolilalamikia miaka minne likafunguka lote kwa pamoja, kana kwamba lilikuwa likiweka akiba. Sikuwa tena na muda wa gazeti.

"Ni malaria," alisema shangazi.

Zahanati walinipima. Hakuna malaria. Shangazi akanipeleka tena. Hakuna.

Sasa fikiri kama mtu wa kijijini kwetu. Mtu anaogopa sumu. Anakuja na dawa ya kuzuia sumu. Dawa yake inaisha, chupa zinaonekana tupu. Wiki hiyohiyo anaanguka, na kipimo hakionyeshi ugonjwa. Ni nani atakayenyooshewa kidole? Kila aliyewahi kunikaribisha, na nilikuwa nimekaribishwa karibu kila nyumba.

Basi siku moja asubuhi, nikiwa nimejikunja ndani, nilisikia majembe. Nikajivuta hadi mlangoni. Shamba lote la shangazi lilikuwa limejaa watu. Mzee wa pombe alikuwa mbele, na nyuma yake familia za upande wote wa bonde, wanalima kwa nguvu na kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Kila aliyenyoosha mgongo alitazama nyumbani kwetu kuona kama anaonekana. Walikuja siku iliyofuata pia, na nyingine, mpaka mbegu ya maharage ikaingia ardhini kati ya migomba.

Mimi nililala nikitokwa machozi. Niliwaambia shangazi na ukuta kwamba watu wametambua thamani yangu.

"Nyamaza, baba," alisema shangazi. "Jasho linakuingia mdomoni."

Siku ya kumaliza, shangazi alikuwa amepika pombe, maana wakulima hawaondoki na koo kavu. Walikaa uani kwa mduara. Chungu kikawekwa katikati, na mrija. Hakuna aliyesogea. Shangazi akaja kunichukua kitandani.

"Wanakungoja. Mwenye shamba ndiye aonje."

"Shamba ni lako, shangazi."

"Vijiti ni vya nani? Ulitangaza kila kona kwamba shamba ni lako. Njoo uonje."

Nikatoka nimejifunga blanketi. Wote walinitazama. Mrija ulikuwa umeelekezwa kwangu. Nilijua kwamba nikionja, sitaishia kuonja. Kichwa changu siku zile kilikuwa kinatafuta mlango wowote ulio wazi, na nyuma ya mlango wa pombe nilikuwa nauona ule wa unga waziwazi. Nisipoonja, watu waliolima siku zote hizo watajua kwamba ninawaona wauaji hata ndani ya uwanja wangu, kwa pombe ya shangazi yangu mwenyewe.

Nilijaribu kuanza na stashahada. Mzee akanikata.

"Kijana, acha karatasi. Onja au sema."

Nikasema. Nilisema kwamba Dar es Salaam nilikuwa teja, nilivuta unga, nilijichoma sindano, na zile chupa zilikuwa dawa ya kuniondoa huko. Kwamba nimeiacha haraka kwa sababu ya ujuaji, na huu ugonjwa ni mwili unaidai dawa. Kwamba pombe ni hatari kwangu.

Mama mmoja mjane, anayekaa mteremko wa pili, akauliza, "Kwa hiyo huna sumu mwilini?"

"Sina, mama."

"Na hukuwahi kutudhania?"

"Kamwe."

"Ni teja tu?"

"Ni teja tu."

Mjane akapiga makofi. "Asante Mungu! Jamani, ni teja tu!"

Sijawahi kuona watu wakifurahi namna ile kwa habari mbaya. Walishikana mikono. Mmoja akaniita "teja wetu" pale pale, na jina hilo lilinikaa kwa mavuno mawili. Shangazi akavuta mrija, akaonja, chungu kikaanza kazi. Nilikuwa naelekea kitandani nikiwa nimejaa machozi ya shukrani, mzee wa pombe aliponiita.

"Keti kwanza. Sisi tulikuja kulima tujisafishe jina. Sivyo, jamani?"

"Ndivyo!"

"Sasa imeonekana jina letu halikuwa na doa. Doa ulilipaka wewe kwa kiburi chako. Kwa hiyo haya majembe hayakuwa msaada."

"Yalikuwa nini, mzee?"

"Mkopo."

Uwanja mzima ukaitikia. Kila mtu akataja siku alizolima, na wengine wakawasahihisha waliojiongezea. Mjane akasema yeye alilima nusu siku, mtoto alikuwa na homa. Hivyo mimi, ambaye sikuwahi kukopa senti ya mtu, nililala siku ile nikiwa nadaiwa na kijiji.

Kwa siku kadhaa niliendelea kuamini kwamba nitapona nikiwa nimelala. Shangazi ndiye aliyelimaliza jambo.

"Rudi ukanywe dawa yako."

"Shangazi, nikirudi watasema nimeshindwa."

"Wameshakuita teja, wamecheka, wamelewa. Unaficha nini tena? Ukifa, yale majembe nitayalipa mimi? Kwa mgongo huu?"

Nikapanda basi. Biharamulo tulisimama watu wapate kula. Nikashuka kunyoosha miguu, na hapo kando ya vibanda vya chipsi nikakutana na mtu niliyewahi kukaa naye maskani moja. Alinitazama mara moja tu akajua.

"Kaka, umepauka. Arosto hiyo. Twende nyuma pale, ninacho."

Sitajisifu hapa, ingawa mkono unaniwasha. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshageuka. Nilichosema si kwa ushujaa. Kilinitoka tu.

"Siwezi. Nadaiwa majembe."

"Majembe gani?"

Hilo lilikuwa kosa lake. Kuniuliza swali linalonihusu ni kunifungulia bomba. Nikaanza na shamba, nikaingia kwenye vijiti vya mistari, nikaeleza mzee alivyoonja, nikarudi nyuma kidogo kumweleza kuhusu stashahada yangu ili aelewe vizuri. Alijaribu kunikatisha, nikamwambia bado sijafika penyewe. Honi ya basi ikalia. Utingo akanivuta shati. Nilimwacha yule bwana amesimama na kitu chake mfukoni, na uso wa mtu aliyepoteza mchana.

Dirishani sista alinitazama kuanzia nywele hadi viatu.

"Karibu, ghala."

Daktari alinipima, akanianzisha upya kwa kiwango kidogo, kwa sababu mwili ulikuwa umeshaanza kusahau. Baada ya kumeza nilipaswa kusema neno. Nilisema, "Asante, sista." Foleni ya nyuma ikanyamaza yote. Nafikiri walidhani nimepata kiharusi.

Kushuka mara hii kulichukua zaidi ya mwaka, na hakukuwa na lolote la kusimulia barazani. Walipunguza kidogo, tukangoja. Usingizi ukinikimbia, nilisema usingizi umenikimbia. Daktari akasema basi tukae hapa kwanza, nikakaa. Kipindi kimoja walinipandisha tena kidogo. Nilitoka dirishani siku hiyo nikijifunika uso kwa kofia, kana kwamba Mwanza nzima ilikuwa imeacha kazi zake ili ihesabu miligramu zangu. Hakuna hata aliyenitazama. Iliniuma kidogo.

Kila nilipopewa chupa za siku chache nilienda Murusagamba kulipa. Nilikunywa dawa yangu uani, mchana kweupe, na watoto wa jirani walikusanyika kutazama kama wanatazama fundi wa redio. Kisha nikachukua jembe. Wadai wangu hawakuwa na huruma. Mzee wa pombe alinitunzia kipande chenye mawe ambacho, nadhani, hakijawahi kulimwa tangu kuumbwa.

"Msomi," aliniita kutoka kivulini, "huo mstari wako umepinda kuliko mto Ruvubu."

"Ni kilimo cha kufuata mteremko, mzee."

"Mteremko uko huku."

Dawa ilishuka, deni likashuka. Kulikuwa na wiki niliyolima nikiwa na miayo, na wiki niliyorudi Mwanza na malengelenge kiasi cha kushindwa kushika kile kikombe kidogo, sista akanicheka waziwazi. Kikombe cha mwisho nilikinywa wakati wa kiangazi. Nilikuwa nimeandaa hotuba, lakini simu ya sista ikaita, naye akanipungia mkono niende. Nikaenda. Hadi leo nalala kwa shida usiku mwingine, na nikipita Biharamulo sishuki kwenye basi. Navumilia njaa mpaka Ngara. Kliniki wana namba yangu, nami nina yao, na siku moja niliipiga nikazungumza nao mpaka mkono ukaacha kutafuta. Hayo nayaandika kwa sababu wapo watakaosoma haya wakiwa foleni.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilikuwa nimebakiza mdai mmoja, yule mjane wa mteremko wa pili. Nilifika kwake asubuhi na mapema, nikamwamkia, nikaanza. Udongo ulikuwa laini, na jembe lilikuwa linaingia bila kubembelezwa. Nililima mpaka jua likafika utosini. Nikasimama katikati ya mstari, nikafuta jembe kwa majani.

"Unakwenda wapi?" aliuliza kutoka mlangoni.

"Nusu siku imetimia, mama. Sidaiwi na mtu yeyote Murusagamba."

"Mstari haujaisha."

"Deni ndilo lililoisha."

"Utaacha mstari umekatika hapo katikati, watu wapite waone? Waseme ni kazi ya mwenye stashahada?"

Nilitazama njia. Kweli, inapita kando kabisa ya shamba, na watu wa Mbuba hupita hapo wakienda mnadani. Nikalishika jembe tena.

"Nitamaliza," nilimwambia, "lakini kuanzia hapa ni mkopo. Wewe ndiye unayedaiwa."

"Mimi! Nidaiwe na teja wetu?"

"Udaiwe, mama. Na mimi nadai kwa sauti."

"Njoo udai basi," alisema, akaingia ndani kuepua maharage, nami nikainama nikaumaliza ule mstari mpaka mwisho wa shamba.